Siwezi Kukaa

Kama unaisoma hii ukiwa umesimama, na kuna kiti kitupu hapo karibu, basi nimekuandikia wewe. Najua ulivyoegemea ukuta. Najua pia uongo uliomwambia mtu wa mwisho aliyekukaribisha kiti. Mimi niliwaambia wengine nanyoosha mgongo, wengine niliwaambia nimekaa kutwa nzima na nimechoka kukaa, na mhubiri mmoja nilimwambia nimeweka nadhiri. Alinisifu mbele ya kanisa zima, na mimi sifa nikazipokea.

Ugonjwa wangu ulikuwa kwenye tako la kushoto, upande wa ndani. Nimeandika hivyo mapema ili tusizungushane. Ilinichukua miezi mitano kulisema neno hilo mbele ya mtu aliyesomea kutibu, na ni hiyo miezi mitano iliyoniharibu. Baiskeli ilianzisha tu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi cherehani Kaloleni, hapa Kisumu. Mashine yangu ya kukanyaga ilikuwa barazani, na juu ya mlango kulikuwa na kibao cha jina langu. Mke wangu Rose, ambaye watu humwita Mama Akinyi kwa jina la binti yetu wa kwanza, alinitilia vifungo na kupinda nguo nilizomaliza. Suruali yangu ilikuwa haipasuki. Watu walikuwa wanatoka mbali wakipita mafundi wengine njiani, na mimi nilikuwa nawahesabu waliopitwa.

Mwaka huo wanaume wa kanisa letu waliamua kuzunguka ghuba kwa baiskeli, siku saba, kuwatembelea Wakristo wa makanisa madogo ng'ambo ya pili ya ziwa. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Elija, mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu aliyezungumza na kila mtu kama yuko gwarideni. Tulikuwa wanaume saba. Nikajitolea kushona suruali saba za kaki, sare ya safari, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Nilitaka suruali itakayorudi nyumbani bila kufumuka hata uzi mmoja. Kwa hiyo pale chini, mishono minne inapokutana, nilikunja kitambaa mara mbili na kukishona mara tatu. Ulitoka mshono mgumu kama kamba. Fundi huukagua mshono kwa macho na kwa kuuvuta kwa vidole. Hakuna aliyenifundisha kuukalia kwa saa nane.

Tuliondoka Agosti, mahindi yakiwa yamevunwa. Hadi Otonglo tulikuwa tunaimba. Tulipopita Kombewa kila mtu alikuwa kimya na mambo yake. Jioni tulipofika Ndori, Mzee Elija aliingia nyumbani kwa mwenyeji wetu akatoka amevaa suruali ya kulalia, ya mistari ya buluu, na hakuivua tena mpaka Kisumu.

"Fundi," aliniambia, "suruali yako ni nzuri sana. Nimeiweka ya kuzikiwa."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Asubuhi wawili wengine walikuwa wamebadilisha, na kufikia siku ya tatu nilikuwa nimebaki peke yangu kwenye kaki. Mimi ningeivua vipi? Niliishona mwenyewe. Nilikaza uso nikawaambia kwamba wao ndio hawajui kukaa kwenye baiskeli.

Mbinu zote nilizijaribu. Nilisimama juu ya pedali kwenye vilima, halafu nikasimama hata kwenye tambarare. Nilifunga leso kwenye kiti. Nilijipaka mafuta ya kupikia niliyoyaiba jikoni kwa watu waliotukaribisha vizuri, Mungu anisamehe. Nilikaa upande mmoja kwa mwendo wa maili, kisha upande mwingine. Uzito wote ukahamia mikononi, na vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vikafa ganzi. Nilipojaribu kufunga kifungo cha shati nilikitafuta kama kipofu. Luanda Kotieno niliingia ziwani hadi kiunoni, nikasimama hapo kati ya mitumbwi nikijifanya naoga, na yale maji baridi yalikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata safari hiyo. Kwenye boti ya kuvuka kwenda Mbita nilisimama njia nzima, nahodha akinifokea nikae nisije nikawazamisha wenzangu.

Kutoka Mbita kwenda Homa Bay barabara ilikuwa ya murram, udongo wa changarawe usio na lami, iliyojikunja mikunjo. Sitaieleza. Tulipofika Kendu Bay nilijipapasa nikakuta uvimbe wa saizi ya njugu mawe, wa moto. Siku ya saba tuliingia Kisumu tukipigiwa vigelegele, na Rose akanikumbatia akaniambia nimekonda. Niliomba chai, nikainywa nimesimama.

Nilidhani litakuwa jipu la siku tatu. Wiki ya pili lilikuwa bado, na kazi yangu ndiyo hiyo, kukaa. Ukitaka kujua fundi anatumia nini kushona, usidhani ni mikono. Nilikunja blanketi, nikaweka mto, nikajaribu kupiga magoti mbele ya mashine na kusukuma kanyagio kwa mkono. Rose alinikuta hivyo akaniuliza kama nimedondosha sindano.

Ndipo nikaenda zahanati moja ya mjini. Nataka ujue jambo moja kuhusu zile zahanati: foleni yake ni ya kukaa. Mnakaa kwenye benchi, wa kwanza akiitwa mnasogea wote. Asiyekaa hana nafasi. Nilisimama pale asubuhi nzima, na kila mara niliposema zamu ni yangu, mtu aliniuliza, "Ulikuwa umekaa wapi?" Saa sita ilipita ndipo nikaitwa.

Chumba cha daktari kilikuwa kimegawanywa kwa pazia. Upande wa pili kulikuwa na mama na mtoto, na mama huyo nilikuwa nimemshonea rinda. Daktari mwenyewe alikuwa kijana, anaandika bila kuniangalia.

"Shida ni nini, Mzee?"

"Siwezi kukaa."

"Kukaa na nani?"

Nilimwonyesha pazia kwa macho, lakini alikuwa anaandika. "Na mtu yeyote," nikasema polepole. "Nyumbani, kazini, hata kanisani. Nikikaa kidogo nasikia afadhali niondoke."

Sasa akaniangalia. "Ilianza lini?"

"Tangu nitoke safari. Homa Bay, Mbita, huko kote. Siku saba."

"Na mama anajua?"

"Hajui. Naona haya kumwambia. Lakini ameanza kuona, maana hata kitandani nageukia ukuta."

Aliweka kalamu chini. Alizungumza nami kwa upole sana, kwamba wanaume wengi yanawapata, kwamba watoto ndio wanaoumia, kwamba hakuna dawa ya chupa ya mambo kama hayo. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu kukubali. Nilidhani ameelewa na ananifichia aibu kwa sababu ya yule mama. Aliniuliza nasali wapi, nikamwambia. Akaandika vitamini, na akaandika barua, akaibandika, akasema nimpelekee mzee wa kanisa. Naapa nilidhani ni barua ya kuomba kanisa linisaidie kufika hospitali kubwa.

Mzee Elija alikuja na barua hiyo nyumbani Jumamosi. Alisimama katikati ya nyumba yangu, akamwambia Rose aketi, na mimi niketi. Sikuketi. Rose aliliona hilo.

"Mama Akinyi," alisema, "bwana yako ameenda mbele ya daktari akasema, tangu atoke safari, yeye hawezi kukaa na wewe."

Sasa fikiria. Kwetu, kwa Kijaluo au kwa Kiswahili hiki chetu, kukaa ni kitu kimoja: kukaa kwenye kiti, kukaa Kaloleni, kukaa na mke. Ningesema neno moja tu mambo yangekwisha kwa kicheko. Nilifungua mdomo. Nikamwona Mzee Elija na ile suruali yake ya mistari, nikamsikia kesho yake akiwasimulia wanaume wa kanisa kwamba fundi amechanwa matako na mshono wake mwenyewe. Na kulikuwa na jambo la pili, lililonitia hofu kubwa zaidi. Miaka hiyo ule ugonjwa mpya ulikuwa umeanza kuwamaliza watu mjini, na mtu akikonda, akitoka majipu mahali pa siri, watu walikuwa hawaulizi swali la pili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiuliza, wakati sina lolote nililofanya. Nikafunga mdomo.

"Ni kweli ulisema hivyo?" Rose aliniuliza.

"Nilisema siwezi kukaa," nikajibu, na nikatoka nje.

Hakupiga kelele. Alipika, akafua, akangoja siku mbili ili nimpe jina la mwanamke aliyedhani nimempata huko Mbita. Siku ya tatu alimchukua mtoto mdogo akaenda kwao Asembo. Akinyi alibaki nami kwa sababu ya shule. Alikuwa na miaka kumi, na aliacha kabisa kunisalimia asubuhi.

Mvua za vuli zilinipata hivyo. Nilinunua dukani zile dawa za vidonge vyenye rangi mbili, uvimbe ukashuka, ukarudi, ukashuka, ukarudi. Nilikuwa nalala kifudifudi. Nilikuwa nafua suruali zangu mwenyewe, kwa siri, nikizianika ndani. Sare za shule za Januari nililetewa kama kila mwaka, vitambaa vikajaa meza, na mimi nilikuwa nashona kola moja, nasimama, nazunguka nyumba, naingia tena. Watu walianza kuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa bado vitambaa. Kibao kilikuwa juu ya mlango bado na mimi chini yake nimesimama kama askari wa zamu. Nilikuwa nalia, nikuambie ukweli. Nilikuwa nalia nikikata nguo.

Desemba Mzee Elija alisema imetosha, twende tukamrudishe mama. Siwezi kumlaumu. Yeye alikuwa anatibu ugonjwa alioandikiwa.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane mwenye maneno machache. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Humtajii mambo ya mwili wako hata kidogo, seuze mahali nguo inapofunika. Alitupokea sebuleni kwake, viti vimepangwa, kila kimoja na kitambaa cheupe kilichotariziwa maua. Kulikuwa na baba wadogo wawili wa Rose. Rose mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, mtoto mapajani.

"Baba Akinyi, karibu kiti," Mama alisema.

"Nashukuru, Mama. Nitasimama tu."

Mkwe akikataa kiti kwa wakwe, amesema hakuja kupatana. Mmoja wa wale baba wadogo alianza kuvaa kofia yake. Nilimwona Rose ameinamisha kichwa, na nikajua kwamba nikiendelea kusimama dakika moja zaidi, sina mke.

Nikaketi.

Sijui waliongea nini. Maombi yalikuwa marefu, na Mzee Elija alieleza ndoa tangu Adamu. Jasho lilinitoka hadi kwenye kope. Nilishika mikono ya kiti nikawa najibu "ndiyo" kila waliponyamaza. Halafu nikasikia kitu kimeachia, pole tu, na maumivu yakapungua ghafla, nafuu ambayo sikuwa nimeipata miezi minne. Nikaelewa ni nafuu ya nini. Nikaelewa pia kitambaa nilichokalia ni cheupe.

Wote waliposimama kwa sala ya mwisho mimi sikusimama. Mzee Elija alinikazia macho. Mama mkwe aliniangalia usoni, halafu akashusha macho kidogo, akarudisha. Pua ilikuwa imeshamwambia, nadhani.

"Wazee," alisema, "twendeni nje niwaonyeshe mtamba wangu. Rose, baki na mumeo."

Alitangulia yeye mwenyewe, na alipopita mlangoni aliuvuta nyuma yake. Mpaka alipofariki hakuwahi kulitaja jambo hilo kwangu, wala sikumshukuru kwa maneno, maana kumshukuru kungekuwa kulitaja.

Rose alisimama mbele yangu. "Simama."

Nikasimama. Alizunguka nyuma yangu, akainama kuangalia.

"Tangu lini?"

"Tangu safari. Ni ule mshono."

"Hii ndiyo siwezi kukaa?"

"Ndiyo hii."

Nilingoja acheke. Alinipiga begani kwa ngumi, mara mbili, akiwa analia kwa hasira. "Miezi hii yote nimelala hapa kwa mama nikihesabu wanawake wa Mbita."

"Hakuna mwanamke, Rose."

"Bora angekuwako. Mwanamke ningejua la kufanya."

Alifungua leso yake akanifunga kiunoni, akaifunga kwa nguvu. Nilitoka nyumbani kwa wakwe zangu nimevaa leso ya mke wangu, nikapita mbele ya Mzee Elija na wale baba wadogo na huyo mtamba, na hakuna aliyeuliza kitu.

Januari tulikwenda hospitali kubwa. Benchi lilikuwa refu zaidi ya lile la kwanza. Rose alikaa kwenye nafasi yangu, akasogea wenzake waliposogea, na mimi nikatembea kando yake ukutani, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Alifanya hivyo kila siku ya kliniki mwaka mzima. Mtu akinung'unika alimjibu, "Mimi ndiye makalio yake," na watu walimpisha.

Ndani, daktari aliniuliza shida ni nini, na nikasema. Tako, kushoto, ndani. Hakushtuka. Alinitazama, akasema ningekuja wiki ya kwanza angelitumbua kwa dakika tano na ningeenda nyumbani kwa miguu yangu. Sasa lilikuwa limechimba njia mpaka ndani, karibu na pale pa kutokea haja. Nilimuuliza nitakaa lini. Alisema tuone kwanza litapona vipi.

Nilikaa wodini wiki tatu. Jeraha la namna ile halishonwi. Linaachwa wazi lijae lenyewe kutoka chini, na mimi fundi nililala kifudifudi nikiuliza kila mtu kwa nini hawashoni. Kila asubuhi muuguzi alitoa shashi ya jana na kujaza mpya, na kabla hajaanza alinigusa kisigino kidogo, ili nijue anakuja. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo. Ukipata muuguzi wa namna hiyo, mwombee.

Nyumbani ilikuwa karai. Maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, na kila baada ya choo. Rose aliyapima kwa kiwiko kama maji ya mtoto. Baadaye ilibidi yeye mwenyewe anisafishe, kwa maana mimi sikuweza kupafikia wala kupaona, na siku za kwanza nilimfokea, nikamwambia ana mikono ya kupukuchua mahindi. Aliniacha ndani ya karai mpaka maji yakapoa. Sikumfokea tena. Mvua ndefu zilikuja zikaisha. Juni jeraha likajifunga juu na kuacha uchafu chini, nikapasuliwa mara ya pili, nikaanza upya na karai. Akinyi ndiye aliyekuwa anachemsha maji kabla ya shule. Siku moja aliyaleta akasema, "Habari ya asubuhi, Baba," na nikalazimika kujifanya moshi umeniingia machoni.

Na nguo? Rose alikalia mashine. Mwanzo ilikuwa vita. Mimi nilisimama nyuma yake na chaki, nikimwambia usivute kitambaa, kanyaga sawasawa, huo mshono umelewa. Yeye alifumua na kushona, akafumua na kushona. Mara moja aliinuka akanionyesha kiti, akaniambia kama nina haraka nikae mwenyewe. Kufikia mavuno alikuwa anashona rinda zima bila kuniita. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu. Ilinichukua miaka kulikubali hilo na sasa nimeliandika.

Daktari aliponiruhusu kukaa, nilimngoja Rose aende sokoni. Nilikaa. Nikashona mkono mmoja wa shati. Nilipoanza wa pili, kule ndani kukavuta, kule walikokata mara mbili, na nikajua. Naweza kukaa kula. Naweza kukaa sala nzima, kama mhubiri ana huruma. Kutwa nzima kwenye mashine, hapana, hadi leo. Ningekuwa nimesema neno moja Septemba ile ningekuwa bado nakaa.

Kwa hiyo mimi ninakata. Kukata ni kazi ya kusimama. Meza yangu iko dirishani, mashine iko mlangoni kwenye mwanga, na huko anakaa yeye.

Miaka ya tisini ilikuwa imeshaingia siku alipokuja bwana mmoja mgeni, mfanyakazi wa ofisi, na kitambaa cha suti kwapani. Alisimama chini ya kibao, akakisoma, akaniangalia mimi mwenye makasi na tepu shingoni.

"Fundi yuko?"

Miaka yote hiyo jibu lilikuwa moja, kwamba ni mimi, na lilikuwa limeshanifika ulimini. Rose hakuinua kichwa, ila mguu wake ulisimama kwenye kanyagio.

"Ndiye huyo," nikasema. "Mimi ni mume wake."

Mguu ukaanza tena.